EA Sports College Football 26: kazi ya kocha wa chuo inapimwa kwa saa za usajili

Msimu wa kwanza wa kocha Nick Saban pale chuo cha Alabama, mwaka 2007, uliisha kwa ushindi mara 7 na vipigo 6, kikiwemo cha 21–14 nyumbani Tuscaloosa mbele ya Louisiana-Monroe, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi. Miezi michache baadaye, Februari 2008, alisajili kundi la vijana wa sekondari ambalo ndani yake walikuwemo Julio Jones, Mark Ingram, Dont'a Hightower na Marcell Dareus. Mwaka 2009 Alabama ilishinda mechi zote 14, ikabeba ubingwa wa taifa, na Ingram akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Anayetaka kujua kazi ya kocha wa futiboli ya Kimarekani ngazi ya chuo inafanyika wapi hasa, atazame hapo kati ya kile kipigo na ile Februari.

College Football 26, gemu ya video ya futiboli hiyo, ina sehemu iitwayo Dynasty, ambamo unaishi maisha ya kocha kwa hadi misimu 30, na ubora wake mkubwa ni kwamba waliotengeneza wamelielewa jambo hilo. Unaweza kuwa fundi wa pedi, unajua kusoma ulinzi na kurusha pasi ndefu, ukafukuzwa kazi mwaka wa tatu kwa sababu ubao wako wa usajili, yaani orodha ya vijana unaowawinda, ulikuwa ovyo. Tathmini hii inahusu Dynasty tu. Sehemu nyingine, ikiwemo ile ya kadi za kununua, haziongezi chochote kwa mtu anayependa ukocha.

Kwanza mambo ya dukani. Gemu ilitoka tarehe 10 Julai 2025 kwa bei ya dola 69.99 kwa toleo la kawaida. Inachezwa kwenye PlayStation 5 na Xbox Series X au S. Mwenye PlayStation 4 au kompyuta asipoteze muda kuitafuta, haipo. Ndani kuna vyuo vyote 136 vya daraja la juu, FBS, msimu wa 2025, baada ya Delaware na Missouri State kupanda. Mfululizo huu ulikatika mwaka 2013 kwa sababu ya kesi za wachezaji waliokuwa wakitumiwa sura na miili yao bila malipo, ukarudi 2024 na toleo la 25, ambalo kila mchezaji aliyekubali kuwemo alilipwa dola 600 na kupewa nakala ya gemu. Toleo la 26 limeleta kitu ambacho la 25 halikuwa nacho: makocha halisi, zaidi ya 300, wakiwa wakuu pamoja na waratibu wa mashambulizi na ulinzi. Tofauti inaonekana mwisho wa msimu, makocha wanapohamahama. Katika toleo la 25 waliofukuzwa walikuwa majina ya kubuni na hakuna aliyeshtuka. Sasa ukiona Kirby Smart ameondoka Georgia, unajua mlango umefunguka kwa vijana wote wa jimbo lile.

Ukianzisha Dynasty unaulizwa nafasi: kocha mkuu, mratibu wa mashambulizi au mratibu wa ulinzi. Halafu unachagua aina ya kocha kati ya tatu za mwanzo: Recruiter, ambaye nguvu yake ni usajili, Motivator, anayekuza wachezaji na kuwaweka sawa kimwili na kiakili, na Tactician, mtu wa mbinu uwanjani. Aina nyingine zinafunguka baadaye ukitimiza masharti na kulipia pointi, na juu kabisa zinakaa Program Builder na CEO. Kosa la wengi ni kuanza na Tactician kwa kudhani gemu ni mechi. Kwenye chuo kidogo, faida ya mbinu inaishia pale ambapo safu yako ya mbele ina wachezaji wepesi kuliko wale wanaowakabili. Mchezo mzuri uliouchora kwenye karatasi unavunjika sekunde ya pili. Anza na Recruiter, weka pointi kwenye kanda mbili au tatu zilizo karibu na chuo chako, na usizitawanye hadi uwe na timu inayosimama.

Chuo kizuri cha kujifunzia ni Kent State, kule Ohio. Ni miongoni mwa timu dhaifu kabisa katika gemu, na kwa haki: msimu wa 2024 ilipoteza mechi zote 12. Pia ndipo Saban alipocheza, na ndipo alipoanzia ukocha mwaka 1973 akiwa msaidizi chini ya Don James. Ukianza na Georgia au Ohio State utashinda, lakini hutajifunza saa zinakwenda wapi.

Na kila kitu ni saa. Kila wiki unapewa fungu la saa za usajili. Chuo kikubwa kinapata nyingi, kidogo kinapata chache. Ubao unabeba majina 35. Kwa kijana mmoja huruhusiwi kuzidisha saa 50 kwa wiki, mpaka ufungue ujuzi unaopandisha kikomo hicho. Kumpekua kwenye mitandao ya kijamii ni saa 5. Kumtumia ujumbe, 10. Kuzungumza na ndugu na marafiki zake, 25. Kumwagia kila ulichonacho, ambako gemu inakuita Send the House, ni 50. Ofa ya ufadhili wa masomo inagharimu saa 5 mara moja tu, na kumchunguza kipaji ni saa 10 kwa awamu. Isipokuwa ofa na uchunguzi, hatua hizi zinaendelea kukata saa kila wiki hadi uzisimamishe mwenyewe, na hapa ndipo saa nyingi zinapopotelea. Kijana ameshaegemea chuo kingine, mstari wako kwake umebaki nyuma sana, na wewe bado unamlipia 25 kila wiki. Pitia ubao mzima kila Jumapili ya gemu, kabla ya kubonyeza kwenda wiki inayofuata. Ukiruka wiki tatu kwa mkupuo kwa kuwa mechi ni rahisi, umetupa wiki tatu za kazi.

Piga hesabu kabla ya msimu. Ofa kwa majina yote 35 ni saa 175. Kwa chuo kikubwa hiyo ni hela ndogo, na faida yake ni kubwa, kwa kuwa ofa inampandisha mtu papo hapo. Kwa Kent State hesabu hiyo inameza sehemu nene ya fungu lako la kwanza. Fanya hivi: panga orodha kwa wale ambao chuo chako tayari kimo katika vyuo vinavyowavutia zaidi, wape ofa hao kwanza, halafu tumia kinachobaki kuchunguza vijana wa nyota tatu na nyota mbili, nyota zikiwa kipimo cha kipaji. Uchunguzi ndio unaokuonyesha alama ya kijani, yaani kijana aliye bora kuliko nyota zake, au alama nyekundu, yaani nyota zake ni za uongo. Chuo kidogo kinaishi kwa alama za kijani. Nyota tatu mwenye kijani, atakayekaa miaka minne, ana thamani kuliko nyota nne atakayekuondokea mwaka wa pili.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo gemu inakaribia ukweli zaidi kuliko kitu chochote cha aina yake. Kila kijana anatazama mambo 3 kati ya 14, na chuo chako kina daraja kwa kila moja: nafasi ya kucheza, mtindo wa uchezaji, matumaini ya ubingwa, historia ya timu, maisha ya chuoni, kelele za uwanja, njia ya kwenda NFL (ligi ya kulipwa), kuonekana kwenye televisheni, heshima ya masomo, hadhi ya konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), uthabiti wa kocha, jina la kocha, vifaa vya mazoezi na ukaribu na nyumbani. Hatua za mwanzo zinakufunulia taratibu anachotazama. Ukishavijua, una njia tatu za kumshawishi: ushawishi mzito kwa saa 40, ushawishi mwepesi kwa 20, na kumbadilisha anachokipenda kwa 30.

Hapa watu wanakosea kwa sababu inayoeleweka: wanaona Send the House ni saa 50 na wanadhani ghali ndiyo bora. Ushawishi mzito unategemea mambo mawili: hoja uliyochagua ilingane na yale matatu ya kijana, na daraja la chuo chako katika mambo hayo liwe zuri. Yakilingana matatu na madaraja ni B kwenda juu, saa 40 za ushawishi pamoja na ujumbe wa saa 10 zinampita anayemwaga 50. Yakilingana mawili, angalia kwanza madaraja. Likilingana moja tu, achana na ushawishi, rudi kwenye Send the House au mwondoe kijana ubaoni. Kumbadilisha anachokipenda ni hatua ya mtu mwenye wiki nyingi mbele yake na ushindani mdogo. Kuijaribu Novemba, huku Penn State nayo inamtaka, ni kuchelewa.

Kwa Kent State karata zako ni mbili, nafasi ya kucheza na ukaribu na nyumbani. Mlinzi wa pembeni kutoka Akron anayetazama hayo mawili ni wako kabla hata hujafungua mdomo. Kwotabeki (mrusha pasi) wa Florida anayetazama televisheni na vifaa vya mazoezi hafiki Kent hata ukimpa saa zote.

Ziara za chuoni zinafunguka kijana akishakuweka kwenye vyuo vyake vitano vya mwisho. Wiki moja inapokea wageni wanne, na gharama inapanda kadiri anavyotoka mbali. Wapange kwa nafasi zinazosaidiana: kwotabeki aje pamoja na mpokeaji pasi, na wote wawili wanapanda. Ukiwaleta wapokeaji watatu siku moja, kila mmoja anamwona mpinzani wake na faida inashuka. Na lazima ushinde. Mechi kubwa ya nyumbani inavutia zaidi, lakini ukifungwa mbele ya wageni wanne umeharibu wanne kwa mpigo. Chuo kidogo kichague mechi ya nyumbani ambayo uwezekano wa kushinda ni mkubwa, hata kama mpinzani hana jina.

Ushindi wa kusajili haumalizi kazi, kwa sababu lango la uhamisho, wanakoingia wachezaji wanaotaka kubadili chuo, liko wazi kila mwisho wa msimu. Kila mchezaji ana sharti lake lisilovunjwa. Mwenye sharti la nafasi ya kucheza akikaa benchi mwaka mzima, anaondoka. Toleo la 26 limeongeza ukali: sharti linaweza kubadilika kadiri mchezaji anavyokua. Yule aliyekuja kwa sababu ya nafasi anaweza, mwaka wa tatu, kuanza kudai njia ya NFL au ubingwa, na daraja la chuo chako katika hilo likiwa C huna la kumwambia. Ndiyo maana ukurasa wa kikosi unastahili kusomwa katikati ya msimu, si Januari. Tazama masharti ya wachezaji wako kumi bora, linganisha na madaraja yako, na kwa kila anayekaribia kuvunjika sajili mbadala wake mapema.

Kisha kuna 85. Kikosi hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 85 unapoingia msimu mpya. Ukisajili 28 na wakahitimu 17, lazima 11 watoke, ama kwa lango ama kwa wewe kuwashauri kuhama. Ukiacha hadi mwisho, kompyuta inakata yenyewe, na haijui kwamba yule mwenye alama za chini ni kijana wa mwaka wa kwanza mwenye kiwango cha ukuaji cha Elite. Safu ya viwango hivyo ni Normal, Impact, Star na Elite, na katika kupunguza watu kiwango cha ukuaji kitangulie alama za leo. Vijana wa kuwatunza wape mwaka wa kukaa nje, usiohesabiwa kwenye miaka yao minne, mradi wasiwe wamecheza zaidi ya mechi 4, kama kanuni halisi ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, ilivyosema gemu ilipotoka.

Uwanjani sina mengi. Kukimbiza mpira ni kuzuri, safu ya mbele inazuia kwa akili kuliko toleo la 25, na kelele za ugenini zinafanya kazi yake: skrini inatikisika, mistari ya kukuonyesha njia za wapokeaji inapindapinda, na kwotabeki mchanga anakosa pasi rahisi. Mpangilio wa muda ndio unaohitaji kuguswa. Robo za dakika chache zinakunyima takwimu za maana, na hilo linarudi kuathiri tuzo na ukuaji. Weka robo za dakika 9 au 10, saa ya kuharakisha, inayokata muda wa kusubiri kati ya mchezo mmoja na mwingine, isimame kwenye sekunde 20 hadi 25, na utapata idadi ya michezo inayokaribia ile ya mechi halisi. Ugumu uwe All-American. Heisman, ambao ndio wa juu kabisa, unawapa kompyuta mikono isiyodondosha kitu.

Sasa kasoro, na ninazitaja kwa uzito kwa sababu gemu inauzwa kama maisha ya kocha.

Ngazi ya kupandia imekatwa chini. Mtazame Curt Cignetti. Alikuwa msaidizi wa Saban Alabama tangu 2007, akaacha mwaka 2011 kwenda kuwa kocha mkuu wa Indiana University of Pennsylvania, chuo cha daraja la pili. Akaenda Elon 2017, James Madison 2019, na ndipo Indiana, ya konferensi kubwa ya Big Ten, ikamchukua. Alihama na wachezaji 13 wa James Madison, na msimu wake wa kwanza, 2024, Indiana ilishinda 11 na kupoteza 2, ikaingia kwenye mchujo wa timu 12. Katika gemu huwezi kupita njia hiyo. Daraja la FCS, lililo chini ya FBS, limewekwa kama timu chache zisizo na jina, za kukusindikiza kwenye ratiba, na daraja la pili halipo kabisa. Wala ukihama hakuna utaratibu unaofanana na ule wa kubeba sehemu ya kikosi chako. Unasubiri nani ameingia kwenye lango na unagombania naye kama kila mtu.

Benchi la ufundi lina watu watatu: kocha mkuu na waratibu wawili. Chuo halisi kuanzia 2018 kiliruhusiwa wasaidizi 10, na nyuma yao jeshi la wachambuzi. Saban aliwachukua makocha waliokuwa wameanguka, Steve Sarkisian akiwemo mwaka 2016 kama mchambuzi, akawanyanyua, nao wakaondoka kwenda kuwa wakuu. Huo ni ustadi mzima wa kazi hii na gemu haiugusi. Anayemsajili mlinzi wa Georgia mara nyingi ni kocha wa nafasi hiyo, mtu anayemjua mwalimu wa sekondari kwa jina. Hapa unafanya yote mwenyewe.

Fedha hazipo. Mkataba wako una miaka na malengo, bila mshahara wala fidia ya kuvunjwa. Texas A&M ilipomtimua Jimbo Fisher Novemba 2023 ilijifunga kumlipa zaidi ya dola milioni 75, na deni la aina hiyo ndilo linaloamua kocha anapewa mwaka mmoja zaidi au la. Upande wa wachezaji, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kijana wa mwaka 2025 anayechagua chuo bila kuuliza analipwa ngapi ni wa nadra, na katika gemu wote wako hivyo. Matokeo yake ni kwamba madaraja yale 14 yanabeba mzigo ambao kwa uhalisi unabebwa na hundi.

Kasi nayo ni ya haraka mno. Bill Snyder alichukua Kansas State iliyomaliza 1988 bila ushindi hata mmoja. Mwaka 1989 alishinda mechi moja. Alifika 11 bila kupoteza na nafasi ya kwanza nchini mwaka 1998, akafungwa na Texas A&M 36–33 katika fainali ya konferensi ya Big 12 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Miaka 10. Mchezaji makini wa Dynasty anaifikisha Kent State huko kwa misimu minne au mitano. Dawa ipo: toleo la 26 linakuruhusu kupunguza kasi ya ukuaji wa wachezaji kwa kila nafasi. Ishushe kwa pande zote, zako na za kompyuta, hasa kwa kwotabeki na safu ya mbele. Halafu jiwekee kanuni ya kutosajili zaidi ya watu watatu kupitia lango kwa msimu. Ligi itakaa mahali pake kwa muda mrefu zaidi.

Dynasty ya mtandaoni inachukua hadi watu 32, na huko gemu inapata uhai ambao kompyuta haiwezi kuutoa, kwa kuwa anayekunyang'anya kijana ni mtu unayemfahamu. Kumi hadi kumi na wawili wanatosha. Msimamizi aweke siku mbili za juma za kusogeza wiki, saa maalum, na asisogeze kabla, maana aliyechelewa ubao wake unabaki kama ulivyokuwa na wiki ya usajili hairudi. Wakubaliane pia kabla ya kuanza kama lango lina kikomo na kama kurudia mchezo ule ule mara ishirini katika mechi kunaruhusiwa. Ligi nyingi zinavunjika kwa hayo mawili.

Mwenye toleo la 25 na anayecheza peke yake anaweza kubaki nalo ikiwa hajali majina halisi ya makocha. Ubao wa usajili ni ule ule kwa sehemu kubwa. Anayeanza leo achukue la 26, kwa masharti yanayobadilika na ule urekebishaji wa kasi ya ukuaji, na asubiri punguzo la bei ambalo gemu za michezo hupata toleo jipya linapokaribia.